Makanisa Mengi Katika Mji Mmoja

Msafiri atokaye mjini Kisii kwenda Migori hupita Suneka baada ya maili chache tu. Ni soko lililo kando ya barabara kuu, lenye maduka, magari yanayogombania abiria, na ndizi zilizopangwa chini kwa mikungu. Na karibu yake upo uwanja wa ndege. Msafiri huyo akipita siku ya Jumamosi ataona jamaa za watu waliovaa nguo safi, Biblia mkononi, wakielekea kanisani. Akipita Jumapili ataona jamaa nyingine, zimevaa vile vile, nazo zimeshika njia nyingine. Waadventista wa Siku ya Saba ni wengi katika nchi ya Wagusii, na Wakatoliki nao ni wengi; wapo tena Walutheri, Wapentekoste na wengineo. Aghalabu hao wa Jumamosi na hao wa Jumapili ni watu wa ukoo mmoja.

Katika siku za kawaida jambo hili halimsumbui mtu. Usumbufu huja siku ya msiba. Wagusii humzika mtu wao nyumbani, katika ardhi yake mwenyewe. Pengine marehemu alikuwa Mkatoliki, mke wa mwanawe ni Mwadventista, na ndugu yake ni mzee wa kanisa la Kilutheri. Basi ni nani atakayeongoza ibada? Tena azikwe siku gani, maana Jumamosi ni Sabato kwa baadhi yao, nayo ndiyo siku ambayo vijana walioajiriwa Nairobi huweza kufika bila kuomba ruhusa? Wazee huketi wakazungumza, na mara nyingi neno huisha kwa kila upande kupewa nafasi yake: huyu asome, yule aombe, kwaya ile iimbe. Mapatano hayo hayakuandikwa katika kitabu cha kanisa lo lote. Yamefanywa na watu wa nyumbani, kwa sababu maiti ni mmoja na kaburi ni moja.

Mambo hayo ya Suneka yafaa kukumbukwa na kila atakaye kufahamu jinsi makanisa yalivyofikia kufanya kazi pamoja katika miji mikubwa. Zamani misheni za mashambani ziliweza kutengana kwa mito na vilima. Mjini jambo hilo haliwezekani, kwa kuwa watu wa kila misheni hukaa nyumba moja, hufanya kazi katika ofisi moja, na huugua malaria ile ile.

Wamishenari wa kwanza hawakuliona hilo mapema, na wala si ajabu. Katika nchi ya Wagusii, mapadre wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911. Mwaka 1912 hivi Waadventista, waliokuwa wamekwisha kuanza kazi Gendia kando ya Ziwa tangu mwaka 1906, walifika Nyanchwa. Misheni zote mbili zilikuwa karibu na Boma la Kisii, lakini kila moja ilifundisha watu wake, ikawaonya wasiende kwa jirani. Mwezi wa Septemba 1914 Wajerumani walifika Kisii wakapigana na askari wa Waingereza. Katika vurugu iliyofuata wenyeji walipora maduka ya mjini, na misheni za Nyabururu na Nyanchwa ziliporwa pia. Yaelekea kwamba hapo ndipo misheni hizo zilipopatwa na jambo moja kwa mara ya kwanza, na wala hazikulichagua. Walutheri kutoka Uswidi walikuja baadaye sana, mwaka 1948, wakaanza kazi yao Itierio, pande hizo hizo za Suneka.

Mahali pengine katika Kenya misheni za Kiprotestanti zilikuwa zimejaribu kupatana. Zilikuwa na desturi ya kugawana nchi, misheni hii ikae upande huu na ile upande ule, ili zisigombanie watu. Mwezi wa Juni 1913 wajumbe wa misheni kadha wa kadha walikutana Thogoto, katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu, washauriane juu ya umoja ulio mkubwa zaidi. Walikuwapo Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa Africa Inland Mission na wengine. Maaskofu wawili wa Kianglikana, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, waliunga mkono shauri hilo. Mkutano ulipokwisha ilifanywa ibada ya Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, naye Askofu Peel akaiongoza, na watu wa misheni mbalimbali wakaishiriki.

Habari zilipomfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikasirika mno. Yeye alishika sana mafundisho ya kale juu ya maaskofu na sakramenti, akaona kwamba wenzake wawili wamelivunja kanisa lao. Akawashtaki kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson. Jambo lililofanywa katika kanisa dogo la mashambani huko Kikuyu likawa maneno ya magazeti ya London. Askofu Mkuu alitoa jibu lake mwaka 1915, na jibu lenyewe lilikuwa la mtu apimaye kila neno: nia ya kushirikiana ilikuwa njema, lakini ibada ya namna ile isifanywe tena. Wacheshi wa Uingereza wakasema kwamba, kwa maoni ya wakubwa wa kanisa, ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu sana, na kwa vyo vyote isirudiwe.

Ni rahisi kumcheka Askofu Weston leo. Walakini alikuwa na neno. Walioanza na Meza ya Bwana walianza na jambo lililo gumu kuliko yote, ambalo makanisa yalikuwa yamelibishania kwa karne nyingi kabla Thogoto haijajulikana. Waliobaki walijifunza upesi kuanza kwingine. Mwaka 1918 misheni nne ziliungana katika shirika la misheni za Kiprotestanti, nao umoja huo ukafungua Alliance High School mwaka 1926. Hapo Kikuyu mtoto wa Mwanglikana alikaa dawati moja na mtoto wa Mpresbiteri, wote wakitafuta hesabu ile ile. Wazazi hawakuuliza kama hesabu hiyo ni ya Kianglikana.

Kazi ya Biblia ilifuata njia hiyo hiyo. Zamani msomaji wa Kiswahili alikuta Biblia za namna mbili, moja ya Kimvita ya pande za Mombasa, nyingine ya Kiunguja. Wakristo wa pwani na wa bara walisoma maneno yaliyotofautiana, ikawa taabu kwa walimu. Tafsiri ya pamoja, ambayo wengi huijua kwa jina la Union Version, ilitimia mwaka 1952, na hata leo ndiyo isomwayo katika makanisa mengi. Baadaye Wakatoliki na Waprotestanti walifanya kazi pamoja juu ya Biblia Habari Njema, iliyotoka mwaka 1995. Kazi ya namna hiyo isingaliwezekana kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, ambao mwezi wa Novemba 1964 ulitoa waraka wa kuwahimiza Wakatoliki kutafuta umoja na Wakristo wengine. Mkatoliki wa Kisii aliyekuwa mtu mzima mwaka 1960, wakati jimbo la Kisii lilipoanzishwa na Maurice Otunga kuwa askofu wake wa kwanza, alikuwa amelelewa kuogopa hata kuingia katika kanisa la jirani yake. Miaka michache baadaye akaambiwa aombe pamoja naye. Huo ni mgeuko mkubwa kwa mtu mmoja katika maisha yake.

Karani atokaye Suneka, akifika Nairobi, aweza kuyaona matokeo ya mambo hayo kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi moja, kabla jua halijawa kali. Aanzie kwenye Basilika ya Familia Takatifu ya Wakatoliki, karibu na Bunge, iliyomalizika mwaka 1963. Akivuka Barabara ya Uhuru atafika All Saints Cathedral ya Waanglikana, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 na ikawekwa wakfu mwaka 1952. Akiendelea upande wa Chuo Kikuu atalikuta kanisa la Walutheri, ndugu wa wale wa Itierio, na St Andrew's ya Wapresbiteri. Na kwenye barabara ya kwenda Ikulu atalikuta jumba ambalo si la kanisa moja. Hilo ndilo jumba la Ufungamano, lililojengwa na Wakatoliki pamoja na Baraza la Kitaifa la Makanisa kwa ajili ya wanafunzi Wakristo. Jina lake lajieleza lenyewe.

Jumba hilo lilipata sifa kubwa mwishoni mwa mwaka 1999. Wakati huo wananchi wengi walitaka Katiba mpya, nayo serikali ya KANU ilitaka kazi hiyo iwe mikononi mwa kamati ya Bunge. Viongozi wa dini walikataa. Mwezi wa Desemba walikutana Ufungamano, Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na Wahindu, wakaamua kuanzisha njia yao wenyewe ya kukusanya maoni ya watu. Tume yao iliongozwa na Oki Ooko-Ombaka. Kwa muda kukawa na kazi mbili za Katiba katika nchi moja, ya serikali na ya watu wa dini, na wananchi hawakujua wapeleke wapi maoni yao. Hatimaye, mwaka 2001, Profesa Yash Pal Ghai, mwenyekiti wa tume ya serikali, alifaulu kuziunganisha. Pasipo umoja wa makanisa na misikiti serikali isingalisikiliza; kanisa moja peke yake lilikuwa limekwisha kusema mara nyingi bila kujibiwa.

Lakini sifa hizo zisimfanye msomaji adhani kwamba kazi kubwa kabisa ya ushirikiano ni ya siasa. Iko nyingine ambayo magazeti huitaja mara chache, na faida yake humfikia mkulima wa Suneka moja kwa moja. Ni kazi ya dawa.

Hospitali za makanisa ni nyingi katika Kenya, na pande za Nyanza ya kusini watu wazijua vema. Iko Tabaka ya Wakatoliki, katika nchi ya mawe laini yachongwayo sanamu. Iko Kendu ya Waadventista, karibu na Ziwa. Zamani kila hospitali ya namna hiyo ilijitafutia dawa zake. Iliandika barua kwa marafiki wa ng'ambo, au ilinunua kidogo kidogo kwa bei ya rejareja. Mnunuzi mdogo hana sauti mbele ya mwenye duka, kama ajuavyo kila mkulima aliyepata kununua mbolea mfuko mmoja. Tena, dawa ikifika, muuguzi wa mashambani hakuwa na njia ya kujua kama kidonge kina nguvu yake au ni chokaa tupu.

Mwaka 1986 Wakatoliki na chama cha hospitali za Kiprotestanti walianzisha shirika moja la dawa mjini Nairobi, liitwalo MEDS. Kazi yake ni rahisi kueleza. Hukusanya mahitaji ya hospitali na zahanati nyingi, hununua kwa wingi, huweka dawa katika ghala moja, kisha huziuza kwa hospitali bila kutafuta faida ya wenye hisa, kwa maana hakuna wenye hisa. Shirika hilo lina maabara yake yenyewe ya kupima dawa, na maabara hiyo ilikubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Dawa isiyofaa hurudishwa kwa aliyeiuza. Wafanyakazi wa zahanati nao hufundishwa jinsi ya kuhesabu dawa, kuzitunza na kuagiza nyingine kabla hazijaisha, jambo ambalo laonekana dogo mpaka siku mtoto mwenye homa anapoletwa na kabati ni tupu.

Waliolianzisha hawakukubaliana kwanza juu ya Papa, wala juu ya ubatizo wa watoto wachanga. Kama wangalingoja hayo yaishe, dawa zingalikuwa bado zinanunuliwa kidogo kidogo.

Si kila mara makanisa yamesimama pamoja, na ni vibaya kuficha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu waliuana na kufukuzana. Wagusii wengi waliokuwa wakikaa Bonde la Ufa walirudi Kisii wakiwa na vitu walivyoweza kubeba mikononi. Katika siku zile madhehebu hayakuwa ndiyo mpaka. Mpaka ulikuwa kabila, nao ulipita katikati ya kila kanisa. Mwezi wa Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa tamko likikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa sababu hiyo hawakuweza kuyakemea maovu ipasavyo. Maungamo ya namna hiyo kutoka kwa wakubwa ni adimu. Yalionyesha pia udhaifu wa ushirikiano wa mjini: maaskofu waliozoea kuketi meza moja Nairobi kwa miaka mingi waliporudi majimboni mwao walikuta waumini wao wakisubiri waambiwe kwamba upande wao ndio wenye haki.

Miaka miwili baadaye makanisa makubwa yaliungana tena, safari hii kuipinga Katiba iliyopendekezwa, hasa kwa habari ya kutoa mimba na mahakama za Kadhi. Waislamu, waliokuwa wenzao wa Ufungamano, walikuwa upande mwingine. Tarehe 4 Agosti 2010 Katiba ilipita kwa theluthi mbili ya kura, na Nyanza, iliyojaa makanisa kila mahali, iliikubali kwa wingi mkubwa sana. Waumini walisikiliza mahubiri, wakaenda kupiga kura kama walivyoona wenyewe.

Mwaka 2020 ulileta jaribio la namna nyingine. Mwezi wa Machi makanisa yote yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Serikali iliunda baraza la dini mbalimbali, likiongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, likae litafute njia ya kuyafungua tena. Mwezi wa Julai masharti yalitolewa: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa 1, na asiingie mtu aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita miaka 58. Basilika ya Nairobi na kanisa la mabati la Suneka yalipewa kipimo kimoja. Mashambani sharti la umri liliumiza zaidi, maana wazee wa kanisa wengi walikuwa wameupita umri huo. Ikawa milango imefunguliwa, na wale washikao funguo wametakiwa kubaki nyumbani. Hata hivyo kanisa lililoshika masharti halikuogopa kwamba waumini wake watavutwa na kanisa la jirani lenye ibada ndefu na viti vingi, kwa kuwa jirani naye alikuwa amefungwa na masharti yale yale, yaliyotoka katika baraza lile lile.

Jambo lililowagombanisha maaskofu mwaka 1913 bado lipo. Mkatoliki na Mwanglikana huketi pamoja katika kamati, huombea mkutano kwa zamu, hunywa chai pamoja, na Jumapili kila mmoja hupokea sakramenti katika kanisa lake. Waadventista kwa desturi yao hawakujiunga na Baraza la Makanisa la Dunia, nao hushika Sabato yao kama walivyoishika Gendia mwaka 1906. Wako wasemao kwamba ushirikiano usiofika mezani si umoja wa kweli. Huenda ni kweli. Lakini mgonjwa aliyelazwa Tabaka au Kendu hawezi kungoja jibu la swali hilo.

Na huko Suneka, msiba unapotokea, wazee bado huketi kuzungumza habari ya siku. Jumamosi ina neno lake na Jumapili ina neno lake. Pengine huchagua Ijumaa au Alhamisi, wakapiga simu Nairobi, naye karani huenda kwa mkubwa wake wa ofisi kuomba ruhusa ya siku mbili.